Redoksaidi Kwenye Gata ya Askofu

Mvua ilipoingia chumbani kwa mama yangu mara ya kwanza, jirani yetu alikuwa akiishangilia kwa spika mbili. "Mungu amefungua madirisha ya mbinguni!" alinguruma, na waumini wakaitika amina. Mimi nilikuwa nimepiga magoti upande wa pili wa ua, lakini nilikuwa nakamua tambara la kupigia deki. Niliona Mungu angefungua dirisha moja tu, tena la upande mwingine.

Huyu jirani alihamia mtaani kwetu akiwa fundi wa redio. Baadaye akawa mwinjilisti, akawa pasta, na mwaka uliofuata akaamka asubuhi akiwa askofu. Sijui nani alimpandisha cheo. Nadhani alipiga kura peke yake akashinda kwa kishindo. Kanisa lake ni ukumbi wa mabati aliousimamisha uani kwake, mrefu kama ghala la mahindi, na paa lake linainamia kwetu.

Nyumba ya mama iko chini ya volkano ya Menengai, mahali ambapo udongo ni majivu ya zamani yaliyojifanya udongo. Ukikauka unapeperuka. Ukiumwagia maji mahali pamoja kwa muda mrefu, unaondoka, na nyumba iliyo juu yake inabaki ikijiuliza. Kila masika shimo hufunguka mahali fulani mtaani, nasi huenda kulichungulia kama watu waliokwenda kumwona mtoto mchanga. Mwaka huo ilikuwa zamu yetu. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha la chumba cha mama ukateremka hadi sakafuni. Mwezi wa nne ulikuwa unaingiza sarafu, na mwezi wa tano ukaanza kuingiza kidole.

Kidole cha kwanza kuingia kilikuwa cha kaka yangu. Alikuja kutoka Thika, akakitia ufani, akakichomoa, akatoa hukumu.

"Hii nyumba ikianguka na mathe ndani, mtaniambia nini? Mvua iishe. Ikiisha na hii kona bado inashuka, mimi namrudisha nyumbani."

Nyumbani, kwa kaka yangu, ni Kakamega. Mama alizaliwa hapa Nakuru, katika landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, baba yake akiwa mmoja wao. Huko Kakamega huenda kuzika watu, akarudi keshoye akilalamika kuhusu mbu. Aliposikia hukumu alinyanyuka akaenda kukoroga chai, na aliikoroga muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Niliogopa. Mama hajawahi kuniomba kitu maishani, na hata siku hiyo hakuniomba, lakini nilijua kwamba akitolewa katika nyumba ile hatachukua muda kutuaga.

Kaka yangu ana meno meupe. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu lina maana katika habari hii, na kwa sababu bado linaniudhi. Meno yangu ni ya Nakuru: ya kahawia, yana mistari, kama kikombe cha chai kisichowahi kusuguliwa. Ni maji yetu ya mfereji, yanayotoka visimani. Yana floraidi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yakijiunda ndani ya ufizi, yanatoka na rangi hiyo na hakuna mswaki wa kuiondoa. Kaka alilelewa na nyanya yetu kule Kakamega kwa maji ya chemchemi. Mimi nilibaki mjini na mfereji. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, siku picha ya darasa iliporudi, nilimwambia mama, "Kakamega ungenipeleka mimi. Yeye ndiye ungemwacha hapa na haya maji yako." Mama alijibu kwamba meno ni ya kutafunia, si ya kuonyesha watu. Tukaacha hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi hata sikutafuta kata. Tangu siku hiyo nimecheka nikiwa nimeweka kiganja mdomoni.

Basi nikaamua kutafuta maji yanatoka wapi. Nilijiona mtu anayefaa kwa kazi hiyo kwa sababu nimeuza gata za kukinga maji ya paa, paipu na mabati miaka kumi na tisa katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kwamba sikuwahi kupanda ngazi hata moja wala kufunga gata hata moja, sikuona kama ni dosari. Mganga hajigangi, lakini mimi hata wa kuwaganga wengine sikuwa.

Mimi naishi Pipeline, ng'ambo ya mji. Binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa akikaa kwa mama tangu uchanga wake, nayo shule iko karibu, nami nilikuja jioni kadhaa na kila wikendi. Wikendi ya kwanza nilishtaki barabara. Nilizibua mtaro wa mbele kwa jembe nikatoa godoro, viatu vitatu visivyohusiana, na sufuria ambayo mama aliitambua kuwa yake. Mvua ikanyesha, mtaro ukapitisha maji vizuri kabisa, na ufa ukaongezeka. Wikendi ya pili nilishtaki fuko. Nilikuwa nimesadiki kwamba kuna fuko mkubwa anayechimba chini ya msingi, nikatega mtego, nikanasa paka wa jirani wa tatu. Tulisameheana baadaye.

Wikendi ya tatu nikamfikia Askofu. Nilisimama kwenye ua nikaangalia gata yake. Yeyote anayejua kazi angeona mara moja: gata ile ilikuwa imeinama kuelekea kwetu, mteremko wa makusudi, mwisho wake ukielekea moja kwa moja kwenye kona ya chumba cha mama. Nilitamani kuikagua kona yenyewe kwa nje, lakini upenyo kati ya ukuta na ua ni mwembamba, na mama alikuwa ameujaza kuni, mabati ya zamani na magunia ya viazi vya Keringet.

"Usipite huko," aliniambia. "Kuku amelalia. Ukimshtua ataacha mayai."

Nikaheshimu kuku. Nikamwendea Askofu mlangoni kwake.

"Askofu, maji yako inaangusha nyumba ya mathe."

Alitazama viatu vyake, vilivyong'aa kuliko mahubiri yake. "Dada yangu, hilo jambo tuliombee."

"Mimi sitaki maombi. Nataka uinamishe hiyo gata upande wako."

"Ongea na mama kwanza," alisema, akafunga mlango polepole.

Nilikasirika sana. Mtu mzima, tena askofu, anajificha nyuma ya mama yangu, kikongwe ambaye ndiye mlezi wa kina mama kanisani kwake! Tangu siku hiyo nilimtukana kila nilipopata hadhira. Nilimtukana kwa majirani, kwa muuza mboga, kwa wateja waliokuja dukani kununua misumari. Nilimwita mwizi wa ardhi, nikamwita farao, nikasema cheo chake kilitoka kwenye mashine ya fotokopi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wanasema, lakini mimi nilijiona nimemaliza kuzaa.

Mwenye duka ndiye aliyechoka. Ni mzee wa Kisikhi aliyezaliwa Nakuru hii hii, na ana meno ya kahawia kama yangu. Mara nyingi tukicheka pale kaunta wote wawili tunainua viganja kwa pamoja. Siku hiyo hakucheka.

"Unafukuza wateja," aliniambia. "Kila mtu anaingia hapa anasikia habari ya Askofu. Wacha kuuliza watu. Uliza maji yenyewe. Weka rangi kwa hiyo gata, halafu angalia inatokea wapi. Kwani wewe unauza nini hapa?"

Nilikuwa nauza redoksaidi, ile poda nyekundu inayopakwa sakafu. Nilichukua pakiti mbili. Akaniazima na ngazi.

Jumapili iliyofuata Menengai ilivaa wingu jeusi tangu asubuhi. Mama alienda kanisani na kitambaa chake cheupe kichwani, akakaa safu ya mbele kama kawaida. Nilisubiri kwaya ianze, kwa sababu kwaya ile ikianza unaweza kubomoa benki na hakuna atakayesikia. Nikaegemeza ngazi kwenye ukumbi, nikapanda. Nilipofika juu nikanyunyiza ile poda ndani ya gata kama mtu anayetia chumvi kwenye githeri, pakiti ya kwanza, kisha ya pili kwa hasira. Nikashuka, nikasahau ngazi pale pale, nikaenda kuchuchumaa karibu na ua na mwavuli, macho chini.

Mvua ikaja kwa nguvu zake zote. Nilichokuwa nimekisahau ni kwamba gata ikijaa majani hufurika pia katikati, na katikati ya gata ile ndipo ulipo mlango wa kanisa.

Nilisikia kwaya ikikatika katikati ya wimbo. Kisha kilio cha mama mmoja: "Damu! Ni damu!" Pazia la maji mekundu lilikuwa linaanguka mbele ya mlango, na waliokimbia nje kuhakikisha walirudi na madoa mabegani. Askofu hakubabaika. Nampa heshima yake. Alishika maikrofoni akaingia moja kwa moja Misri, kwa Musa na mto uliogeuka damu, akauliza ni nani pale ndani mwenye moyo mgumu. Nilijikuta nikiinamisha kichwa, ingawa nilikuwa nje na mwavuli.

Lakini kwenye ua hapakuwa na wekundu wowote. Nilitazama kila upenyo. Maji yaliyopita chini ya ua yalikuwa ya rangi ya majivu, machache, yasiyo na hatia. Kama maji ya Askofu hayafiki kwetu, basi sijui lolote, mvua itaisha, na kaka yangu atakuja na gari.

Ndipo binti yangu akatokea mlango wa jikoni na kikombe.

"Mami, maji ya kukhu imekuwa juisi."

Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Nilitazama kikombe. Kilikuwa chekundu hadi ukingoni.

"Umekunywa?"

"Nimeonja. Si tamu."

Nilimsukutua mdomo kwa maji ya mfereji mara nne hadi akalia, kisha nikamuuliza maji hayo ameyatoa wapi. Nikamuuliza tena.

"Kukhu alisema nisikuambie. Wewe unakunywa ya mfereji. Mimi nakunywa ya kwangu, ya meno."

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye ule upenyo. Akapita katikati ya kuni na mabati kwa njia anayoijua, akainua gunia. Hapakuwa na kuku. Kuku hulalia siku ishirini na moja, na huyu wetu, kwa maneno ya mama, alikuwa amelalia tangu mwezi wa tatu. Mimi niliyejiita mpelelezi sikuwahi kuhesabu. Palikuwa na pipa la bluu juu ya mawe mawili, lina koki, na paipu iliyotoka kwa Askofu ikipenya kwenye ua, imefungwa kwa mpira wa tyubu kwa ustadi mkubwa. Upande wa juu wa pipa palitobolewa tundu la kutolea maji yakizidi. Yalikuwa yamezidi. Yalitoka kwa kasi, mekundu, yakaanguka moja kwa moja kwenye kona ya chumba cha mama, yakapotelea ardhini bila kuacha hata dimbwi.

Nilipiga magoti nikatia mkono mahali yalipopotelea. Ukaingia hadi begani, na huko ndani sikugusa kitu. Juu ya utupu ule ndipo kilipo kitanda cha mama. Nilitoa mkono haraka nikamvuta mtoto kifuani.

Mvua ilipopungua walikuja wawili, mama na Askofu, chini ya mwavuli mmoja. Kitambaa cheupe cha mama kilikuwa na matone mekundu. Suti ya Askofu afadhali nisiitaje.

"Dada, ile ngazi ni yako?" Askofu aliuliza.

"Ni yangu."

"Nimehubiri dakika arobaini juu ya hiyo rangi."

"Pole, Askofu."

"Watu watatu wameokoka."

Nilifikiri kidogo. "Basi usiwaambie."

Mama hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameona gunia limeinuliwa, na mkono wangu uliopakaa tope hadi begani. Akaketi juu ya rundo la kuni.

"Si ungeniuliza," alisema.

"Ningekuuliza nini, na wewe uliniambia kuku amelalia?"

Askofu akakohoa. Akasema gata yake hapo mwanzo iliinamia upande wake, kwenye tangi lake mwenyewe. Mama ndiye aliyemwendea, mtoto wangu akiwa bado mchanga, akamwomba aigeuze. Akamwomba pia asimwambie mtu.

"Na ukanyamaza mimi nikikutukana mtaa mzima?"

"Mama alikataza," alisema. "Na tusi zako, dada, zingine mimi nilikuwa nasikia mara ya kwanza."

Nilimgeukia mama. Nilikuwa na hasira bado, ile hasira ya mtu aliyeogopa. Nikamwambia angekufa. Nikamwambia nyumba ingemwangukia usingizini kwa sababu ya pipa la maji. Kwa nini hakuniambia mimi, ninayeuza paipu, mimi ambaye ningemletea tangi na kumwekea mahali panapofaa?

Mama alikuwa akifikicha lile doa kwenye kitambaa chake, akizidi kulieneza.

"Ningekuambia niaje?" alisema. "Niseme haya maji ya mfereji si mazuri kwa mtoto wako? Na wewe nani alikunywesha?"

Askofu, ambaye ana neno la kila hali, aligeuka akaanza kuangalia gata yake. Niliona aibu ya maneno niliyoyasema nikiwa na miaka kumi na minne na kuyasahau, wakati mama ameyabeba miaka yote hiyo, hadi akamtafutia mjukuu pipa la maji ya mvua, yasiyo na floraidi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye duka alinikumbusha msemo huo Jumatatu, na akaurudia Jumanne. Lakini alitutolea mzigo wa kokoto. Tulilijaza lile shimo kwa mawe na zege wiki nzima. Askofu alichanganya simenti akiwa na gamubuti na shati la ndani, bila spika hata moja, na niligundua kwamba ni mtu anayefanya kazi vizuri sana akinyamaza. Pipa tulilihamishia mbele ya nyumba juu ya nguzo za mawe, likapata chujio na kifuniko, na yale maji yanayozidi tukayapitisha kwa paipu hadi mtaroni, ule niliouzibua wikendi ya kwanza. Kwa hiyo godoro halikutolewa bure. Gata tukaiacha imeinama kwetu vile vile.

Kwenye ufa nilichora mistari ya penseli, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini, kila mmoja ukivuka kutoka upande huu hadi ule. Ufa ukisogea, mstari unakatika. Mvua za mwisho wa masika zilikuja na mistari ikabaki mizima. Kaka yangu alifika na gari, akapiga magoti mbele ya ile mistari, akaipitishia kidole. Nilisimama nyuma yake nikiwa nimekunja ngumi.

"Sawa," alisema hatimaye. "Akae."

Mama alimpa chai. Kaka akatabasamu na meno yake yote, na safari hii sikumwonea wivu sana.

Mwezi wa saba meno mawili ya ukubwani ya binti yangu yakaota. Siku hiyo tulikuwa kibarazani baada ya chakula cha mchana. Mama alimwita mtoto, akamgeuzia uso kwenye jua, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akachungulia. Nilichungulia na mimi juu ya bega lake. Yalikuwa meupe, na kingo zake zimechongoka kidogo kama meno yote mapya. Mama aliyapapasa, akamwachia mtoto akakimbia zake.

"Na wewe," akaniambia. "Fungua."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikaketi kwenye kigoda alipotoka mtoto, nikageukia jua, nikaondoa kiganja, nikafungua mdomo. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama meno kwa karibu hivyo bila kulipwa. Aliyatazama ya juu, akayatazama ya chini. Akapitisha kidole kwenye mistari ya kahawia, mmoja mmoja. Kidole chake kilinuka vitunguu.

"Nilikuwa sijui," alisema.

Nilitaka kusema kwamba najua, lakini mtu hawezi kusema vizuri na kidole cha mama yake mdomoni. Nikatikisa kichwa kukubali. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke.

Akafuta kidole kwenye leso yake. "Haya, funga," alisema. "Chai inapoa."